Daftari la Wageni

Nanuli aliingia zahanati yetu ya Kutaisi siku ya theluji nyevu,
pensheni yake kaifunga kwenye ncha ya leso.
Aliuliza bei kwanza, jina langu baadaye.
Nikamkaza mpira juu ya kiwiko.
Mshipa ukaikwepa sindano mara mbili,
mara ya tatu ukasalimu amri.

"Tumbo," alisema, "linavimba kama ngoma.
Nikila, linavimba. Nisipokula, linavimba.
Binti yangu yuko Bari, anaogesha wazee wa watu;
kaniambia kwa simu, mama, kapime damu,
damu haioni haya, itakutajia mbaya wako."

Wiki mbili, karatasi ikarudi
na rangi zake tatu kama taa za njia panda.
Kijani: nanasi, kamba wa baharini, nazi,
vitu ambavyo hajaviweka mdomoni tangu azaliwe.
Nyekundu: ngano.
Nyekundu: mayai, jibini, maharage.
Na nyekundu iliyokolea kuliko zote, jozi,
jozi za mti ulio nyuma ya nyumba yake,
alizozitwanga miaka hamsini na kitunguu saumu,
vidole vikibaki vyeusi kila Oktoba.

Sikusema neno. Nikagonga muhuri.
Nilikuwa na deni la gesi,
na mwenye zahanati hapendi muhuri uliopinda.

Mei akarudi. Sketi imeshikwa kwa pini ya mtoto.
"Nimetii," alisema.
"Wali na tufaha la kuchemsha, wali na tufaha.
Pasaka majirani walinialika, nikakaa mezani pao
kama maiti anayehesabu wafiwa.
Tumbo liko vilevile.
Mti nao umeanza kuzaa, kana kwamba unanidhihaki.
Tangu Vazha afe, jozi ni tele,
mlaji ndiye hana jozi."

Nilifunga mlango.
Nikatoa kwenye droo karatasi yangu mwenyewe,
maana sisi wafanyakazi hupimwa kwa nusu bei.
Ngano, nyekundu. Jibini, nyekundu.
Jozi, nyekundu kama yake.
"Na mimi siumwi kitu, Nanuli, ila miguu ya kusimama."

Nikamweleza kwa sauti ya chini, nikiutazama mlango:
damu ni kama mwenye nyumba mwangalifu,
anaandika kila mgeni anayevuka kizingiti.
Anayekuja kila siku, jina lake linajaza kurasa.
Tulilichukua daftari lake la wageni,
tukalisoma kama orodha ya wezi.

Alinyamaza kitambo. Akaichomoa pini, akaichomeka tena.
"Lari mia nne na hamsini," alisema,
"kuniambia kwamba nimekula nyumbani kwangu."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Nikamwambia kipo kipimo kingine, hospitali ya mkoa,
cha ule ugonjwa wa ngano wenyewe, cha daktari wa matumbo.
Ila huyo atataka ale mkate kwanza,
kila siku, majuma kadhaa;
damu iliyofungishwa haina la kushuhudia.

"Nimle adui ili nijue kama ni adui?"
"Ndiyo, mama."
"Wasomi nyie," akasema, bila hasira,
kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Saa ya chakula tulivuka barabara.
Mwokaji aliinama ndani ya tanuri la udongo mpaka kiunoni,
akaibuka na mkate mrefu, ncha mbili,
majivu kidogo ubavuni.
Nililipa mimi. Hakukataa, na hilo lilinichoma.

Akaumega. Mvuke ukampanda usoni,
akafumba macho, pua ikakumbuka kabla ya mkono.
Kisha akanipa kipande kikubwa.

"Anza wewe," alisema, "mwenye sindano."

Nikala, pale kwenye ngazi,
naye macho yake hayabanduki kooni mwangu.