H Ndogo Yenye Nukta

Kazi yangu ni kuandika wasemavyo,
si wanachosema tu:
nani kadakia, nani kamkata mwenzake kauli,
nani kavuta pumzi kisha akaimeza.

Katowice, kipindi cha Alhamisi usiku.
Mtangazaji Radomir anauliza,
na jibu halijatia mguu ndani
anaanza: mmh. Mmh. Mmh.
Ya kwanza ni endelea.
Ya tatu ni nipishe.

Waziri mstaafu anaujua mchezo.
Hafiki kituoni bila kushika kiti cha mbele:
"na la pili," asema, hata kama la pili hana,
na Radomir hubaki mdomo wazi, akingoja zamu
kwenye kipindi chake mwenyewe.

Kisha Bogumiła, mjane wa mchimba makaa.
Kwao mtu akinyamaza husubiriwa,
huenda hajamaliza.
"Siku ile alisahau mkate wake mezani," akasema.
Kimya.
Nimekipima: sekunde moja nukta nne.
Halafu pumzi ikavutwa, ina mkwaruzo, naisikia,
na juu yake, papo hapo:
"Ahsante sana, mama. Tuelekee matangazo."

Karatasini kila kitu kina alama:
mabano ya mraba kwa sauti zilizogongana,
mshale kwa sauti inayopanda.
Pumzi ni h ndogo, nukta mbele yake.
Nimeiandika.

Ni saa nane usiku. Nimerudisha mara kumi na moja,
nikisimamisha pale pale, kabla ya ahsante,
nimwachie nafasi.