Kiti cha Saba

Theluji ilianza saa nane mchana,
siku ya pili tangu tufungiwe kushauriana,
na dirisha la chumba chetu, pale mahakamani Duluth,
lilitazama ziwa lililoganda lisionekane linakoishia.
Tulikuwa kumi na wawili na birika moja la kahawa.
Mimi nilikalia kiti cha saba.

Kesi nzima ilining'inia kwenye unywele mmoja.
Mtaalamu alisafiri toka mji mkuu, tai ya buluu,
akatuonyesha picha iliyokuzwa hadi unywele ukawa gogo.
"Huu," akasema, "unafanana na wa mshtakiwa."
Alilirudia neno hilo, unafanana, mara sita. Nilihesabu.
Hata mapacha hufanana,
na kila mmoja hulipa deni lake.

Na yule mama aliyeumizwa chumba cha kufulia
alinyoosha kidole, na kidole hakikutetemeka.
Sikumlaumu siku ile, simlaumu leo:
alipangiwa picha sita mezani, akaambiwa achague,
na mwenye kiu haulizi kisima ni cha nani.

Orrin Beaulieu, miaka ishirini na mitatu, fundi wa paa,
alikaa ndani ya suti ya kuazima,
mikono ya koti ikimwishia juu ya viwiko vya mkono, karibu.
Alitupitia mmoja mmoja kwa macho
kama mgeni usiku anayeitazama milango
akitafuta wa kubisha.

Kura ya kwanza: kumi kwa wawili.
Nilikuwa mmoja wa wawili.
Mwenzangu, mzee Rasmus, alisikia kwa sikio moja;
ilipofika saa tisa na nusu, akakubali.
Nikabaki na kikaratasi changu.
Tollefson, kiongozi wetu, muuza bima, hakunifokea.
Laiti angenifokea.
Alisema tu, taratibu: "Marlys, barabara ya kaskazini
wanaifunga saa kumi na moja."
Mwanangu alikuwa kwa jirani, na kifua chake cha pumu.
Nikaandika neno.

Nilifika nyumbani kabla hawajaifunga.
Nilipika supu ya njegere.

Miaka ishirini na sita.
Mwanangu aliota ndevu, pumu ikamwacha, akaoa, naye mke akamwacha.
Nilizika mume. Nilibadilisha mapazia mara tatu.
Kwingine, mtu alihesabiwa asubuhi, akahesabiwa jioni.
Kisha karani ghalani akalikuta sanduku
lililopaswa kuchomwa moto zamani,
limesahaulika nyuma ya taipureta mbovu,
na ndani, kati ya vipande viwili vya kioo,
ule unywele, mzizi wake ungali umeshika punje ya ngozi.

Safari hii maabara hawakusema unafanana.
Walisoma vinasaba, wakasema: si wake.
Ni wa mtu aliyekuja kutengeneza tanuri la jengo,
aliyekufa Fargo kwa ugonjwa wa ini,
kitandani, shuka safi hadi kidevuni.

Nilimwona kwenye televisheni akitoka.
Mlango wa kioo ulijifungua wenyewe,
akarudi nyuma hatua moja, akangoja ruhusa.
Dada yake alimletea koti. Mama yao hakuwepo tena wa kuleta.

Husemwa majuto ni mjukuu.
Wangu nimemlea: anakula nami mezani,
anajua ninapoficha sukari.

Nilimwandikia barua, kurasa tisa. Nikachana nane.
Sikuomba chochote. Nilimweleza theluji,
saa kumi na moja, barabara, supu.

Jibu lilikuja Machi, kadi yenye picha ya daraja letu,
herufi kubwa, za mtu aliyezoea kuwaandikia mawakili:

Wewe ndiye wa sweta ya kijani?
Nilikutazama sana.
Nilidhani wewe utakataa.