Nisubiri Getini

Mama hakuwahi kuninong'oneza.
Hata usiku, kwetu Dundee, ghorofa ya tatu,
alilifunua kila neno kwa midomo mipana
kana kwamba baina yetu ilinguruma mitambo mia.
Sikio moja lilikufa kabla sijazaliwa.
La pili lilibakiwa na kengele ya kanisa, basi.

Alikuwa mfumaji wa juti.
Marobota yalifika kutoka Bengali, makavu kama ndevu za maiti,
yakalainishwa kwa mafuta ya nyangumi,
na mafuta yale yakahamia nywele zake, shuka, mkate.
Baba hakuwa na kazi: mwanamume hudai ujira wa mwanamume.
Alichemsha chai. Alinisuka nywele, vibaya.

Husemwa kimya kingi kina mshindo.
Mshindo wao ndio uliokuwa na kimya,
na ndani yake wakatunga lugha.
Kidole kidevuni: nyapara yuaja.
Viwili kifuani: nina mimba, nifichie.
Aliyeijua kuliko wote ni Grizel Mudie,
safu ya nne, karibu na dirisha lililovunjika.

Januari ile walipokata ujira
Grizel hakupanda juu ya kitu.
Aliinua mkono, akakata uzi usiokuwepo.
Mkono ukapokewa safu kwa safu,
kama ndoo za maji penye moto,
na nyapara akapita katikati yao
akihesabu nyuzi zilizokatika,
asione kitu.

Saa nne mitambo ikasimama.

Mama alisema kimya kile kiliuma meno.
Paa lilikuwa likilia; hawakujua.
Miaka tisa bega kwa bega na Jemima Petrie,
ndiyo kwanza anasikia ana sauti ya kitoto.

Meneja akashuka ngazi. "Nani msemaji wenu?"
Grizel akatoka mbele, akafungua kinywa.
"Tu... tu... tu..."

Kigugumizi. Nani angejua?
Kwenye kelele wote walikuwa mabubu sawasawa.
Nyapara akacheka. Meneja akatazama saa yake.

Basi Grizel akageuka.
Akampa meneja mgongo, mgongo mwembamba wenye vumbi,
akawaelekea wenzake, akainua mikono,
na kila kilichotoka vidoleni
wanawake mia na ishirini wakakipa sauti:
senti zilizokatwa,
faini ya kuchelewa dakika tatu,
choo kisicho na mlango,
kidole cha Effie kilichobaki kwenye gia.
Mama alisema alipiga kelele hadi akaonja damu,
na hakusikia vizuri alichosema.

Walirudishiwa nusu.
Grizel alifukuzwa kabla ya Pasaka,
na sijui alikozikwa.

Mama alipokuwa akifa alinipa ishara moja
ambayo hakuwahi kunifundisha:
kiganja wazi, kisha ngumi, mara mbili.
Niliipeleka kwa wazee wa kiwandani, mlango kwa mlango.
Mmoja alisema ni mvua. Mwingine, zima mtambo.
Jemima aliitazama mikono yangu akacheka,
kwa sauti ileile ya kitoto:
"Hiyo? Tulipeana kila jioni.
Hiyo ni nisubiri getini,
tutoke pamoja."