Kilima Kisichozaa

Nyuma ya Kangagani kipo kilima
ambacho hapana aendaye.
Hakioti karafuu, hakina mzimu,
hata kuni zake huzima mapema.
Nimekipita miaka thelathini na moja
nikienda skuli kusomesha jografia,
nikichora Kilimanjaro ubaoni,
chaki nyeupe kwa theluji,
nisikijue hiki hata kwa unyayo.

Leo, siku ya nne ya kustaafu,
nimevaa makubadhi ya zamani, nikapanda.

Njia ni ya mbuzi. Huanza vizuri,
halafu hujisahau.
Kangaga zimenifika kiunoni,
kavu juu, mbichi chini,
kila hatua zikisema chaa, chaa,
kama mtu apepetaye mchele chumba cha pili.
Udongo mwekundu, kisha mchanga, kisha jiwe.
Nikakaa. Mapafu yalikuwa na mengi ya kunilaumu.
Ninga mmoja akaita, akaghairi.

Karibu na kilele nimekuta kandambili,
lakini moja,
ya mtoto, ya mguu wa kushoto,
rangi imeliwa na jua, ukanda umeungwa kwa uzi wa ukumbi.
Kumbe nimetanguliwa.

Juu hapana kitu.
Upepo, na mabati ya mtaa wetu kule chini;
letu nimelitambua kwa kiraka.
Bikombo anaanua nguo,
mdogo kama ile nukta ya kwenye ramani
niliyokuwa nikiwaambia watoto:
huu ni mji, na ndani yake mna watu.
Nimemwita.
Upepo umelichukua jina, umelipeleka kwingine.

Usiku kaniuliza, "Ulikuwa wapi?
Mbona umejaa vishonanguo?"
"Mlimani."
"Mlima upi?"
Nimenyoosha kidole dirishani, kwenye kiza.
"Ah. Kule kuna nini?"

Ninavichomoa kimoja kimoja,
navipanga kwenye ukingo wa sahani,
natafuta jina.
Faki, nadhani. Au Shaame.
Alikosa skuli siku nzima, kesho yake nikamchapa
viboko vinne, mbele ya wenzake.
Hakulia. Alikuwa akitazama nje,
mguu mmoja umevaa, mmoja mtupu,
nami, mwalimu wa milima,
sikumuuliza.