Herufi Moja Langoni

Miaka minne nimelipita lile lango la kijani
huko Loresho, juu kidogo ya njia inayoshuka Kangemi,
na kibao chake cha bati, rangi nyekundu, herufi kubwa:
MBWA KALI.
Miaka minne nina chaki mfukoni
na hamu ya kuiongeza ile m iliyokosekana.

Kali ni dawa. Kali ni pilipili, ni baridi hii ya Julai.
Mbwa ana roho, nawaambia Gredi ya Sita,
mbwa hupewa m kama mtu, kama mtoto, kama mwizi.
Mkali. Wakiwa wengi, wakali.

Jumanne hiyo ukungu ulikuwa umelalia ua wa kayaba.
Nilibeba madaftari thelathini na nane ya insha
kwenye kiondo cha marehemu mama, mwavuli kwapani,
nikipiga hesabu ya nauli niliyookoa kwa kutembea.

Lango lilikuwa wazi.

Sikusikia kubweka. Tumedanganyana sana kuhusu kubweka.
Nilisikia kucha juu ya kokoto,
kama mtu anayemwaga maharagwe kwenye sufuria,
mara wakawa pale, mmoja, wa pili, wa tatu,
wawili weusi, mmoja rangi ya ukoko wa ugali,
na kichwani mwangu, Mungu anisamehe,
neno la kwanza lilikuwa: wakali. Wingi.

Usikimbie, baba alikuwa akisema, mbwa husoma mgongo.
Sikukimbia. Si ushujaa; miguu ilikataa amri.
Mwavuli niliusahau kwapani.
Nikaweka kiondo mbele ya tumbo
nikafungua mdomo, na unajua nilisema nini?
Nilisema, shikamooni.
Ndiyo. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu
akiwaamkia mbwa kama wakwe zake.

Yule wa ukoko akashika upindo wa sketi,
akavuta taratibu, kama mtoto anayeomba kitu dukani.
Pumzi yake ilinigusa gotini, ya moto.
Ni joto lile ninaloliota, si meno.

Soja, Wamukota, alisimama kibandani na rungu lake,
hakusogea. Baadaye aliniambia:
hata mimi wananijua kwa harufu tu, mwalimu,
na siku hiyo nilikuwa nimebadilisha sabuni.

Kisha sauti ya mwenyewe kutoka barazani,
gauni la kulalia, kikombe mkononi:
"Hawaumi hao! Wanacheza tu!"
Akaja, akachuchumaa, akamkumbatia yule wa ukoko,
akampapasa masikio, akamwambia,
"Pole, mpenzi. Umeshtuka?"

Pole ile niliifuata kwa macho.
Ilinipita karibu sana.

Sasa nazunguka kwa barabara kuu,
dakika ishirini na tano zaidi, malori yakinipulizia moshi,
na jirani akichambua maharagwe naondoka mlangoni.
Darasani tulifika kwenye methali.
Nikaanza, aliyeumwa na nyoka,
wakamalizia kwa sauti moja, akiona ung'ong'o hushtuka,
na Kerubo wa dawati la mbele akauliza,
na ambaye hakuumwa, mwalimu?
Nikamwambia tutalirudia kesho.
Sijalirudia.

Wiki iliyopita nilimkuta Wamukota akinunua mkate.
Kibao kimepakwa rangi upya, akasema, na aliyekipaka ni yeye.
Nikamuuliza, uliongeza m?
Akacheka, akahesabu chenji mara mbili.
"Nilitaka, mwalimu. Nilikumbuka maneno yako.
Lakini mama alisema niache ilivyokuwa,
wanaopita hapa wanaelewa."

Nilipofika nyumbani nikatia mkono mfukoni mwa koti,
lile la Jumanne, ambalo sijalivaa tena.
Chaki ni unga.
Sikumbuki kuibana.