Mlango wa Jiko

Mimi nauza mafuta ya uso, Chavakali,
kibanda cha tatu ukitoka kwa fundi wa viatu.
Vikopo vyangu nimevipanga kama kwaya,
vifupi mbele, vya bei nyuma,
na kila kimoja kimeapa:
siku ishirini na moja, utarudi msichana.

Miaka kumi na miwili nimeviuza.
Usiku hujipaka kile cha kujaribia, cha bure,
na asubuhi kioo hunijibu vilevile,
kama karani asiyependa kuulizwa.

Siku moja ya soko akaja Kageha,
kapu kichwani, leso kiunoni,
akiomba nimvunjie noti ya mia mbili.
Nilimtazama uso, nikasahau kuhesabu.
Shavu lake liling'aa
kama bilinganya lililofutwa umande.

"Mama, una miaka mingapi?"
"Nilizaliwa mvua za uhuru. Hesabu mwenyewe."
Nikahesabu vidole vya mikono, vya miguu,
nikaomba na vya fundi wa viatu.

"Sasa wewe unapaka nini?"
Alicheka hadi kapu likayumba.
"Napaka? Mimi hula."

Akalitua juu ya vikopo vyangu, bila hodi,
akafunua jani la mgomba:
mrenda, unaoteremka kooni
kama habari ya deni lililosamehewa;
mito michungu, ile watoto huisukuma pembeni mwa sahani;
mnavu, wa kulazwa na maziwa chunguni hadi kesho;
omena wa Kisumu ndani ya gazeti,
macho wazi wote, kana kwamba wanasoma;
viazi vitamu vyenye rangi ya jua likizama Maseno;
simsim kidogo, fundo la kitambaa;
na maparachichi mawili,
moja limeiva, la pili bado linatafakari.

"Ngozi ni mlango wa jiko, mwanangu.
Kinachopikwa ndani hunukia nje.
Wewe kila siku unapaka mlango rangi,
na jikoni kuna nini?"

Jikoni, yaani chini ya meza yangu,
kulikuwa na mandazi ya jana na soda nusu.
Nikayasukuma kwa kisigino.
Kisigino chenyewe kina magaga. Akayaona.

Jioni ile nilipika.
Nilichambua mrenda jani kwa jani,
nikatia magadi, ukafura, ukachungulia nje ya sufuria.
Asava akaingia, akanusa, akavua kofia.
"Leo tuna mgeni?"
"Ndiyo," nikamwambia. "Ngozi yangu."

Sikurudi msichana, nisiwadanganye.
Mito ilinishinda mara mbili, mara ya tatu nikaimeza.
Lakini ilipofika mvua za vuli
magaga yalikuwa yamefumba midomo,
na mteja mmoja aliniuliza, kwa sauti ya chini,
ni kikopo kipi kati ya hivi.
Nilimwonyesha njia ya kwenda kwa wauza mboga.
Biashara gani hiyo!

Kageha aliporudi nilimsogelea zaidi.
Ndipo nikaliona, katikati ya nyusi,
kunyanzi moja tu, limezama
kama mfereji uliochimbwa na mtu mwenye hasira.
Mchuuzi ni mchuuzi: mkono wangu
ulikwishafika kwenye kikopo cha bei.
"Na hili, mama?"

Akaushika mkono, akaurudisha mezani polepole.
"Hili ni la Kidiga wangu.
Alikwenda Nakuru, kazi ya kiwanda.
Simu ikaja usiku, sauti si yake.
Hili nimeliacha lilivyo.
Hili halina mboga."

Hakununua kitu, hata chenji hakuomba.
Aliniachia parachichi, bichi, gumu kama jiwe la kusagia.
"Lingoje. Usilibonyezebonyeze."

Nalingoja.
Limekaa pale katikati ya vikopo vinavyoapa,
lenyewe kimya, halijaahidi kitu,
lina vipele kama chura,
ngozi mbaya kuliko zote kibandani.