Uzi wa Tatu

Pihla ana miaka tisa, mimi sitini na sita,
na leo yeye ndiye mwalimu.
Ameileta kantele kutoka shuleni ndani ya foronya:
kipande cha msonobari, nyuzi tano, basi.
Nje, ziwa limeganda hadi linabeba malori.

"Babu Taisto, kila uzi na kidole chake."
Anaweka vyake vitano, safi kama penseli mpya.
Naweka vyangu vinne.
Cha kati kilibaki kiwandani, kwenye msumeno namba mbili,
mwaka ule wa mbao nyingi na usingizi haba.

Haulizi. Somo linaendelea.

Anasema uzi ukiubana katikati
unaimba sauti ileile, ila imepanda ghorofani.
Mimi siamini neno la mtu kuhusu katikati.
Natoa futi kamba mfukoni: sentimita arobaini na nane.
Nabana kwenye ishirini na nne,
na kweli, ndiyo ileile,
mtoto kasimama juu ya mabega ya baba.
Nikiuacha uzi theluthi mbili, thelathini na mbili kamili,
inatoka nyingine, jirani mwema.
Miaka arobaini nimekata mbao kwa vipimo hivi
na hakuna hata ubao mmoja ulionidokeza.

"Sasa kodi," asema.
Kodi nimelipa, namwambia, mpaka nikastaafu.
Hacheki. Wa kwanza, wa tatu, wa tano, kwa pamoja.
Anapiga: chumba kinafunguka madirisha.
Anachukua ufunguo, anaulegeza uzi wa tatu,
nusu toni, kitu kama unywele,
anapiga tena: ni jioni ileile ya Machi,
koti la Sylvi bado msumarini.
"Uzi mmoja tu, Babu. Hizi za pembeni hazijui lolote."

Zamu yangu.
Wa kwanza. Wa tano. Katikati, pengo.
Inatoka sauti isiyo na harusi wala matanga,
tambarare kama lile ziwa,
unatembea juu yake bila kujua kina.
"Umeruka wa tatu."
Nimeuruka, ndiyo. Tangu Machi nauruka.

Anaulegeza, anaukaza, anafikiri, ulimi nje,
anaugusa tena kidogo,
kisha ananiazima kidole chake cha kati,
anakipenyeza chini ya kiganja changu.
"Hesabu wewe."

Moja, mbili.
Sijamuuliza uzi ameuacha wapi, juu au chini.
Tatu.